Goti la Abti na Magenge ya Tana

Nilimaliza kidato cha nne katika darasa la usiku hapa Garissa, nikiwa tayari na ndevu, mke, na watoto watatu ambao mmoja wao ndiye aliyekuwa akinisaidia hesabu. Somo nililolipenda lilikuwa jiografia. Siku moja mwalimu alituchorea ubaoni magenge ya bahari: ukuta wa mawe umesimama wima, mawimbi yanaupiga chini, ndege wanazunguka juu. Nikanyoosha mkono nikamwambia hata sisi tunayo, yako mtoni Tana, huna haja ya kupanda basi. Mwalimu akasema ule ni ukingo wa mto tu. Nikamjibu kwamba mtu akidondoka pale hatapata nafasi ya kuuliza jina lake.

Darasa lilicheka, nami tangu siku hiyo nikawa wakili wa magenge ya Tana. Nimewaambia watu yana kimo cha ghorofa kumi. Nikiwa nimeshiba, ishirini. Lakini kisa hiki kinataka ukweli, na sababu mtaiona, kwa hiyo nakiri: pale yanapopanda sana yanafikia mkoma mmoja mrefu. Ni udongo mwekundu mgumu wenye mawe ndani yake, umemegwa na maji kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Kwa watu waliozaliwa katika nchi iliyolala bapa kama sinia, hiyo ni milima.

Abti wangu, yaani kaka yake mama, ametoka upande wa bapa kabisa. Kwetu mjomba ni abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile, kwa hiyo mkitusikia tunaitana hivyo msidhani mmoja wetu amechanganyikiwa. Yeye ni mtu wa ngamia wa upande wa Habaswein, mahali ambapo ukisimama juu ya debe unaiona kesho. Mwaka juzi ngamia dume alimpiga teke la goti, akaletwa mjini kwa dada yake ili apone. Goti likapona. Abti akabaki.

Mwaka mzima alikaa mbele ya duka langu la magodoro, ameegemea godoro la inchi sita, akitazama bodaboda zikipita. Alizijua zote, kama mtu anavyojua kundi lake.

“Ile nyekundu inachechemea mguu wa nyuma,” angesema. “Na ile ya buluu, mwenyewe haipi maji.”

Ngamia wake walikuwa kwa wanawe. Akiwapigia simu walimwambia kila kitu ni kizuri, naye aliikata akiwa na hasira. “Kizuri! Yule mweupe amezaa au hajazaa? Kizuri ni jibu la mtu wa ofisi.”

Mvua ilipokaribia, akasema anarudi. Mama akasema harudi.

“Uliletwa hapa juu ya lori kama gunia,” mama alimwambia. “Nikikuachia uende, safari ijayo nani atakupakia?”

“Nipime,” abti akasema. “Hata ngamia mgonjwa hupimwa kabla ya kuchinjwa.”

Wakajadiliana siku mbili, mama akipika na abti akisimama mlangoni, mpaka masharti yakapatikana. Abti atembee kutoka Balambala hadi Garissa akifuata mto, siku nne, kwa miguu yake mwenyewe, bila gari, bila punda, bila mgongo wa mtu. Mto ulichaguliwa na mama, kwa sababu kando yake kuna mashamba na watu, na akianguka ataokotwa. Akifika, anarudi kwa ngamia wake. Asipofika, ngamia wanagawanywa kwa wanawe naye anabaki mjini na mimi na magodoro.

“Na shahidi?” mama akauliza.

Abti akaninyooshea fimbo.

“Huyu?” Mama aliweka mwiko chini. “Huyu ukimtuma chumvi anarudi na simba.”

“Ndiyo. Nikishindwa, angalau utapata hadithi nzuri.”

Mama akanigeukia. Kwetu mama humwita mtoto hooyo, neno lilelile ambalo mtoto humwitia yeye, na akilitamka polepole ujue hakuna mzaha. “Hooyo,” akasema, “mara moja tu katika maisha yako. Usiongeze, usipunguze.”

Nikaapa. Nikahisi kama mtu aliyenyimwa sukari.

*

Nilibeba hema. Nililinunua sokoni Hagadera, la kisasa, la rangi ya machungwa, limepungukiwa nguzo moja tu. Abti alibeba shuka, birika, fimbo, na kimkebe cha nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa kwenye samli. Aliutazama mzigo wangu asubuhi ile Balambala akaniuliza kama nahama.

Tukashika njia. Kulia kwetu mto, kushoto miiba, na sisi juu ya genge katikati. Njia yenyewe ni ya mbuzi na nyani, inapita ukingoni kabisa, na kila mahali ardhi imepasuka nyufa ambapo kipande kinajiandaa kuanguka mwaka huu au mwakani. Abti alikuwa akigonga mbele kwa fimbo, anasikiliza, kisha anapita. Penye sauti ya ngoma tulizunguka. Penye sauti ya jiwe tulipita. Palipokuwa salama aliilaza fimbo mabegani, akatundika mikono yote miwili juu yake, akaenda kwa mwendo ule wa wachungaji ambao hauonekani kuwa wa haraka mpaka ujaribu kuufuata.

Mimi nilijaribu. Kufikia adhuhuri nilikuwa na malengelenge makubwa kama mayai ya mbuni. Ya kuku. Haya, ya kware, lakini yalikuwa manne.

“Goti lako vipi, abti?” nikauliza, kwa wadhifa wangu wa shahidi.

“Goti langu linauliza kuhusu miguu yako.”

Siku mbili za kwanza sina la kuongeza, na namshukuru Mungu kwamba hazikuhitaji. Chini yetu mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mpole, umejikunja na kujikunjua. Katika ukuta wa genge kulikuwa na ndege wekundu walao nyuki, wamechimba vijishimo vyao kwenye udongo, mamia, na tulipopita juu yao walitoka wote kwa pamoja kana kwamba genge limekohoa. Viboko walikuwa wanalala majini, wameacha masikio nje. Kila baada ya mwendo tulikuta malka, zile njia pana za mifugo zinazokata genge na kushuka hadi majini, na abti alisimama katika kila moja akasoma kwato.

“Ng'ombe. Ng'ombe. Mbuzi,” angesema, kama mtu anayesoma gazeti lisilo na habari yake. Kisha siku ya pili alasiri akapiga magoti, lile baya likiwemo, akaweka kiganja kwenye alama kubwa ya mviringo mchangani. “Ngamia. Jike, na ndama wa miezi mitatu.” Alikaa pale mpaka nikaona aibu ya kumtazama.

Jioni tulikata miiba tukazungushia boma, tukawasha moto, tukaswali, tukapika chai. Nikasimamisha hema langu. Kwa sababu ya ile nguzo iliyokosekana lilisimama upande mmoja na kulala upande mwingine.

“Limepigwa teke na dume gani?” abti akauliza.

Alilala nje juu ya shuka. Nilimsikia akiongea na goti lake kwa sauti ya chini, analisifu, kama anavyomsifu ngamia ili atoe maziwa. Nilijua basi kwamba linamuuma, na nilijua pia kwamba sijaona chochote ambacho shahidi anatakiwa kusema. Alikuwa anatembea. Sharti lilikuwa kutembea.

*

Siku ya tatu tuliondoka kabla ya alfajiri, na jua lilipoanza kuwa kali tukatafuta kivuli. Mto hapo ulikuwa umejikunja, na chini ya genge kulikuwa na mchanga mweupe, msafi, mpana kama uwanja. Genge liko mashariki, kwa hiyo asubuhi yote kivuli chake kinaangukia mchangani. Tulishuka kwa malka iliyokuwa nyuma yetu, tukazunguka kona ya ukuta kwa kijia chembamba kando ya maji, tukafika. Baridi tamu. Mamba mmoja alikuwa ng'ambo, amefungua mdomo, hana habari na sisi.

“Abti,” nikasema, “huku si kitanda cha maji?”

Sasa, mtu wa ngamia hafanyi mzaha na kitanda cha maji. Kwetu kuna laga, ile mito mikavu, na kila mtoto anajua kwamba laga inaweza kuja na kukuchukua ukiwa na kikombe mkononi. Kwa hiyo abti alikagua. Alichota mchanga akaubana. Alinusa upepo. Akapanda juu ya jiwe, akageuka pande zote nne polepole, mkono juu ya macho.

“Hakuna wingu,” akasema. “Kutoka hapa mpaka mwisho wa macho, hakuna hata la kufutia jasho. Lala.”

Na mimi, msomi wa jiografia, nikalala. Huo ndio uchungu wenyewe. Mto Tana niliuchora kwenye mtihani. Nilichora milima unakotoka, mbali huko magharibi, kulikojaa baridi na majani ya chai. Nikachora mishale ya buluu ikishuka kuja kwetu. Nikapewa alama zote. Kisha nikajilaza kwenye ncha ya mshale wangu mwenyewe na kukoroma.

Niliamshwa na ubaridi miguuni. Nilidhani ni ndoto ya malengelenge. Nilipofungua macho birika letu lilikuwa linapita mbele yangu likielea, limenyoosha mdomo kama bata. Uwanja ulikuwa umebaki upana wa mkeka. Kile kijia cha konani hakikuwapo tena. Mahali pake kulikuwa na maji mazito ya kahawia yanayobeba magogo. Abti alikuwa amesimama, anatazama juu, bado anatafuta wingu. Anga lilikuwa safi kama sahani.

“Nyinyi!” Sauti ya mwanamke kutoka juu ya genge. “Mnafanya nini huko chini?”

Abti Kiswahili chake ni cha sokoni, amekijifunza akiuza ngamia. “Tunabumzika, mama!”

“Mnapumzika kwenye kitanda cha watu, na mwenyewe anarudi!”

“Lakini mfua hakuna!”

“Mvua ilinyesha milimani juzi, baba! Hapa tunaletewa tu!”

Alikuwa mkulima wa ndizi, mwenye shamba lile la juu. Yeye alikuwa amesimika kijiti cha kupimia kina majini tangu jana, akaona kinamezwa, akaja kuvuta mashine yake ya maji isichukuliwe. Ndiyo maana alikuwa na kamba. Akaitupa.

“Nenda wewe kwanza,” abti akaniambia. “Shahidi akifa, kesi inaharibika.”

Nikajifunga. Kusema kweli, na leo nasema kweli, sikupanda. Nilivutwa kama godoro la futi tano kwa sita, nikipiga kelele njia nzima, vidole vyangu vikiingia katika vijishimo vya ndege na ndege wakitoka kunilaumu. Nilipofika juu nilibusu ardhi. Kisha nikainua kichwa kuona ni nani mwenye nguvu hizo, nikaona kamba imepita kwenye shina la mti, na mwisho wake umefungwa kwa punda, kwenye mikanda yake ya kuvutia mkokoteni.

Mama mkulima akaitupa tena. Abti akaishika. Maji yalikuwa yamefika mapajani.

“Abti!” akapaza sauti. “Kamba imefungwa wapi?”

Nilimtazama punda, punda akanitazama.

“Abti, imefungwa kwa punda.”

Maji yalikuwa yanapanda, hema langu la machungwa likapita likiwa limejaa upepo, likaenda zake kuelekea baharini.

“Mwambie amfungue,” abti akasema.

“Anasema nini?” mama mkulima akauliza, maana abti na mimi tulikuwa tunaongea Kisomali.

“Hataki punda.”

“Anataka farasi?”

Abti alikuwa ameanza kupanda. Aliweka mguu mzuri katika shimo la ndege, akajiinua. Akaweka mguu wa goti. Niliona kutoka juu jinsi paja lilivyotetemeka, kama uzi wa simu kwenye upepo. Goti halikunyooka. Akateleza mpaka chini. Akajaribu tena, akateleza tena, na safari hii maji yakampokea kiunoni.

“Abti, walahi sitamwambia mtu!” nikalia. “Jifunge! Sitasema punda! Nitasema ulipanda!”

Akainua uso. Ulikuwa umepakwa udongo wote ukabaki macho na ndevu.

“Wewe?” akasema. “Wewe utawaambia Garissa nzima, na watakuwa punda watatu.”

Akajaribu mara ya tatu. Kisha akasimama tu, amelaza paji la uso kwenye ukuta wa genge. Sijui alikuwa anaswali au anaagana na yule mweupe aliyezaa au hakuzaa. Maji yalipofika kifuani alilivua birika kwenye tawi lililokuwa limelikwamisha, akapitisha kamba kwenye mshikio wake, akajifunga chini ya makwapa, fundo zuri, bila haraka.

“Haya,” akasema. “Mwambie punda bismillahi.”

Alipofika juu alikaa. Akamtazama yule punda, mnyama mdogo wa kijivu mwenye sikio lililochanika, kwa muda mrefu.

“Ni punda mzuri,” akasema mwishowe. “Hajavuta kwa pupa.”

Mama mkulima alitupikia chai katika birika letu wenyewe, akatupa ndizi, akatuonyesha kijiti kingine alichokuwa amekisimika karibu, chenye alama zilizokatwa kwa kisu. Abti alivipitishia kidole vile vikato, kimoja kimoja.

“Kwenu maji yanatoka wapi, baba?” akaulizwa.

“Juu,” abti akasema. “Tunayaona yakija.”

*

Siku ya nne alitembea vizuri kuliko siku zote. Juu ya genge, penye tambarare, goti lilikwenda mbele kama halijawahi kuonja teke, nami nikabaki nyuma nikichechemea. Hakuniomba chochote. Hakusema usiseme, hakusema sema. Tulipoona mnara wa kwanza wa simu wa Garissa alisimama akafunga upya kilemba chake, akapangusa udongo uliobaki kwenye ndevu.

Mama alikuwa mlangoni. Alimtazama kaka yake kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akanitazama mimi.

Njiani nilikuwa nimetunga maelezo manne tofauti. Katika moja abti alipanda genge akiwa amenibeba mimi. Katika jingine hakukuwa na mto. Lakini mama alikuwa ameshika mwiko uleule, na abti alikuwa amesimama kando yangu akisubiri kama mtu anayesubiri kunyolewa, ameinamisha shingo kidogo. Nikasema. Tulilala penye mchanga, maji yakaja bila wingu, mimi nilivutwa na punda nikilia, abti alijaribu mara tatu kupanda akashindwa, akavutwa na punda huyohuyo bila kulia. Sehemu nyingine zote alitembea kwa miguu yake. Basi. Ilikuwa hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia, na nikaona jinsi mama alivyoamini kila neno.

“Punda alikuwa kwenye sharti,” akasema.

“Alikuwa,” abti akakubali.

“Kwenu hakuna genge,” nikaingilia. “Hooyo, Habaswein ni bapa! Atapanda nini kule? Debe?”

Mama alimgeukia kaka yake. Alimuuliza abti, “Kisima chenu kimekwenda chini kiasi gani?”

Nikaona abti anafumba macho. Sikuwa nimekifikiria kisima. Kiangazi kikikaza, visima vyao vya kuchimbwa kwa mkono hushuka na kushuka, na mtu huteremka kwa vidato vilivyokatwa ukutani, akachota, akapandisha ndoo. Ni genge lilelile, limezikwa ardhini.

“Kama lile genge la punda,” abti akasema. “Kimezidi kidogo.”

“Na nani huteremka?”

“Mimi.”

“Ulikuwa.”

Abti aligonga fimbo sakafuni mara mbili, akasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza ukingoni. “Goti linakwenda mbele,” akasema. “Juu haliendi.”

Mama alimimina chai, wakaitazama, kaka na dada, mpaka ikapoa. Kisha mama akasema, “Mvua ikinyesha, maji yako juu ya ardhi. Madimbwi kila mahali. Hakuna wa kuteremka popote.”

Abti akainua kichwa.

“Nenda na mvua,” mama akasema. “Siku wanao watakapofungua kisima cha kiangazi, unapanda lori unakuja.”

“Wiki moja baada ya kufungua. Niwaonyeshe tu.”

“Siku ileile.”

“Siku tatu.”

“Siku ileile, au punda nitamleta mimi hapa aje atoe ushahidi.”

Abti akacheka, kicheko ambacho sikukisikia mwaka mzima, akamwaga ile chai iliyopoa na kuomba nyingine. Wiki ile nzima hakuzitazama bodaboda. Alikaa mbele ya duka ameipa barabara mgongo, anaangalia upande wa kaskazini juu ya mapaa ya mabati.

Alipanda lori la Habaswein mvua ya kwanza ilipopiga, mbele, kando ya dereva, si nyuma. Baada ya siku kumi simu yangu ililia. Kelele zilikuwa nyingi, upepo na ngamia wanaolalamika.

“Yule mweupe alizaa!” akapiga kelele. “Jike! Na hapa nilipo, abti, maji yako miguuni. Nimesimama ndani yake.”

“Yametoka wapi?” nikauliza.

“Juu,” akasema. “Nimeyaona yakija.”